Kufuli na Mdogo Wake

Pale karakanani walimwita Kufuli, na jina hilo hakupewa na adui. Alipewa na mafundi wa kuchomelea waya, watu wa utani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga yale ambayo wengine waliyaacha wazi.

Karakana yenyewe ilitengeneza kijisanduku kimoja tu, ukubwa wake sawa na kipande cha sabuni. Upande mmoja unakichomeka kwenye kompyuta, upande wa pili kwenye chipu, zile kompyuta ndogo kuliko ukucha ambazo siku hizi zimejaa ndani ya pampu, mizani na mashine za kufulia. Kijisanduku kinaibeba programu kutoka kwenye kompyuta na kuipakia kwenye chipu. Kitu kizuri, lakini bila mwongozo ni sabuni isiyotoa povu. Ndiyo maana huko nyuma, karibu na stoo ya maboksi, palikuwa na chumba cha miongozo. Meza mbili zilitazama ukuta uliobanduka rangi, na ya tatu ilikuwa dirishani.

Mwongozo uliandikwa kwa alama. Ukitaka neno litoke kwa wino mzito, unatia alama ya kufungua mbele yake na ya kufunga nyuma yake. Ukitaka onyo likae ndani ya kiboksi chekundu, ni vivyo hivyo. Ipo hata alama ya faragha: mwandishi akitaka kujikumbusha jambo lake, analiweka ndani ya alama hiyo na msomaji halioni. Ukifungua, funga. Hayo tu. Lakini watu, sijui wameumbwaje, kufungua wanajua, kufunga ni shughuli. Mmoja akisahau, ukurasa mzima unageuka wino mzito na kumfokea msomaji mpaka mwisho, au jedwali linamwagika, au nusu ya maelezo inatoweka. Kufuli alizipitia kurasa zote kabla hazijatoka. Hakusoma maneno, alisoma alama, na akikuta iliyoachwa wazi anaifunga.

Alikuwa na kanuni yake: funga kwanza, ndipo uandike. Unaweka alama ya kufungua, papo hapo unaweka ya kufunga, kisha unarudi katikati kujaza maneno. Vidole vyake vilikuwa na mlio wao kwenye kibodi katika kufanya hivyo, viwili vya haraka, kimoja kizito, kisha kimya kidogo wakati anarudi katikati. Kanuni hiyo alimfundisha mtu mmoja tu, mdogo wake.

Mdogo wake walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wa mama yao. Ni Kufuli aliyemleta karakanani. Ni yeye aliyemketisha kwenye meza ya pili ya ukutani, na ni yeye aliyemwambia Mhandisi, mwenye karakana, "Bosi, mpe nafasi, mtoto huyu ni mwelewa." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kufuli nguo yenyewe aliishona kwa mkono wake.

Kwa sababu Kitinda alipoanza kuandika, aliandika. Hata fundi aliyeshika bisibisi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili alimwelewa. Ujumbe wa shukrani ukaanza kuingia. Mafundi wa mbali, watu ambao hawakuwahi kuandika hata salamu, waliandika: tumefuata ukurasa wenu, kimekubali, mwambieni huyo mwandishi Mungu ambariki. Mhandisi aliusoma ujumbe huo kwa sauti wakati wa chai, kikombe mkono wa kushoto, akimtazama Kitinda kama aliyemzaa yeye. Sasa nani aliwahi kuandika ujumbe kusema, ahsanteni, kiboksi chekundu kimefungwa barabara? Kitu kikifungwa vizuri hakuna anayejua kwamba kiliwahi kuwa wazi.

Tusizunguke mbuyu. Kufuli alikuwa na wivu. Roho ya kwa nini ilimwingia, ikavua viatu, ikakaa. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi niliyemfundisha? Alipika na wivu huo, alipiga pasi nao. Nyumbani, Mama alikuwa na tabia ya kuuliza kabla hata hawajavua viatu, "Kitinda mwanangu, leo wamekusoma tena?" Kitinda akicheka na kusema, "Wamenisoma, Mama," Kufuli alikwenda jikoni kuzigonganisha sahani zilizokuwa safi.

Faraja yake ilikuwa moja. Mhandisi, akishamaliza kusoma shukrani, humgeukia na kuuliza, "Haya Kufuli, leo umekamata nini?" Hapo ndipo naye alipopata zamu yake. Alikamata! Kitinda, pamoja na utamu wake wote, alikuwa hajui kufunga. Kila siku palikuwa na kitu, na si vitu vidogo: hatua nzima iliyopotea, jedwali la volti lililokuwa karibu kuchanganya safu zake. Kufuli alisimulia taratibu, kwa madaha, akiweka chumvi pale inapohitajika, na mafundi wakacheka wakishikana mabega. Kitinda mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. "Dada ananiaibisha," alisema, akifuta machozi ya kicheko. Mhandisi naye hutikisa kichwa, "Bila Kufuli tungeumbuka." Maneno hayo Kufuli aliyabeba mpaka nyumbani, na yalimtosha kwa usiku mmoja.

Kisha mkuu wa miongozo, bwana mmoja mwenye macho mabovu na mzaha mwingi, akastaafu, na meza ya dirishani ikabaki tupu. Mhandisi akatangaza kwamba mwisho wa wiki atasema nani ataikalia na kuongoza mwongozo mpya.

Meza ile Kufuli aliijua kama mtu anavyokijua kitanda chake. Alijua mwanga unaifikia saa ngapi na unatokea pembe ipi. Alijua droo ya chini inakwama, na alishakata kipande cha mshumaa cha kuipakia. Tangu alipokuwa mgeni pale alijiambia kwamba siku moja mgongo wake utaacha kutazama watu na uso wake utaacha kutazama ukuta. Ukimuuliza alitaka nini duniani, asingekutajia nyumba wala safari. Angekwambia meza.

Asubuhi ya siku moja kabla ya tangazo, ukurasa wa betri ukamfikia. Ulikuwa ukurasa wa kueleza namna ya kuchomeka kijisanduku kwenye chipu ambayo iko ndani ya kifaa chenye betri yake. Jambo la hatari, kwa sababu usipoitoa betri kwanza umeme unaingia kutoka pande mbili, na chipu inaungua palepale. Onyo Kitinda alikuwa ameliandika, tena kwa maneno yaliyomkera Kufuli kwa jinsi yalivyokaa vizuri: *Betri itoke kwanza. Hata kama una haraka. Hasa kama una haraka.* Lakini juu ya onyo hilo alikuwa amejiandikia kumbukumbu ya faragha, amuulize Mhandisi kuhusu picha, na alama ya faragha aliifungua, hakuifunga. Kompyuta ingedhani kila kinachofuata ni siri ya mwandishi, mpaka ikutane na alama ya kufunga ya kumbukumbu nyingine iliyokuwa chini ya onyo. Onyo lote lingemezwa. Na ubaya wake ni kwamba ukurasa usingeonyesha jeraha lolote. Ungetoka safi, umenyooka, na msomaji angeruka kutoka hatua hadi hatua asijue kwamba kuna kitu kilikuwa katikati.

Kufuli aliliona mara moja. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kibodi, bila kutumwa.

Akainua macho. Dirishani walikuwa wamesimama Mhandisi na Kitinda, wakipima kwa shubiri kama skrini pana itaenea juu ya meza. "Ikikaa hivi," Mhandisi alikuwa akisema, "jua halitakuumiza macho." Kitinda alisema kitu cha chini chini, akitikisa kichwa, lakini Kufuli hakusikia ni nini. Alichoona kilimtosha. Tangazo lilikuwa kesho, na skrini inapimwa leo.

Akakirudisha kidole. Akaupeleka ukurasa ulivyo.

Hakufikiria kitu kuungua. Au tuseme alifikiria, lakini upesi upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Alijiambia kwamba msomaji mmoja ataona onyo halipo, ataandika kulalamika, Mhandisi atakunja uso, na habari ya meza itaanza kuzungumzwa upya. Wakati wa chai alipoulizwa amekamata nini, alisimulia kosa jingine, la jedwali lililomwagika kwenye ukurasa wa waya. Watu wakacheka kama kawaida. Kitinda naye akacheka, ametulia kabisa.

Kesho yake meza akapewa Kitinda. Kufuli akapiga makofi pamoja na wengine, akajikaza kisabuni, hata akampa kile kipande cha mshumaa cha kupaka droo.

Haikupita muda mrefu akaingia fundi wa pampu. Alikuwa mtu mpole, na mpole akikasirika utajua. Hakupiga kelele. Aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza ya Mhandisi, akaufungua, na harufu ya kitu kilichoungua ikajaa chumba kizima.

"Nimefuata ukurasa wenu wa betri mstari kwa mstari," alisema. "Sikuruka hata mmoja. Tazameni wenyewe. Na sasa mtaa wetu mzima wanabeba ndoo, na wakinikuta njiani hawanisalimii. Mimi huwaamini nyinyi. Hata mke wangu huniambia unasoma hicho kitabu kama msahafu. Sasa niambieni nilikosea wapi."

"Hukutoa betri kwanza?" Mhandisi aliuliza.

"Imeandikwa wapi nitoe betri?"

Mhandisi akaufungua ukurasa. Akautazama juu, akautazama chini. "Onyo liko wapi? Kitinda! Onyo liko wapi?"

Kitinda akaja, akaufungua ukurasa upande wa alama. Uso ukamshuka. Akageuka akamtazama dada yake mara moja tu, si kwa kulaumu, bali kwa mshangao, kama unavyomtazama mtu mzima aliyejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe.

"Nani alikagua huu?" Mhandisi aliuliza, na sasa aliwatazama wote wawili.

Kufuli akafungua mdomo. Kitinda akamtangulia. "Dada alishaukagua, Bosi. Mimi niliurudia baadaye nikaongeza kumbukumbu yangu, nikasahau kufunga. Kosa ni langu."

Uongo mtupu, na zaidi ya Kitinda mwenyewe, aliyejua ni uongo alikuwa Kufuli peke yake. Hapo ndipo angesema. Akafunga mdomo. Si ndilo jina lake?

"Keti," Mhandisi akamwambia Kitinda. "Uandike upya ukurasa huu sasa hivi, mbele yangu na mbele ya huyu bwana, nione huwa unaandikaje mpaka mambo yanafika huku."

Kitinda akaketi kwenye meza yake mpya. Wakamzunguka, na Kufuli akasimama nyuma ya wote, mgongo ukutani. Hakuwa na haja ya kuona skrini, kwa sababu masikio yalimtosha. Viwili vya haraka, kimoja kizito, kimya kidogo. Viwili vya haraka, kimoja kizito, kimya kidogo. Ulikuwa mlio wa vidole vyake mwenyewe, unatoka kwenye mikono ya mtu mwingine. Kitinda alifunga kila alama kabla hajaandika neno, wino mzito, kiboksi chekundu, hatua, hata ya faragha, bila kuangalia, bila kusita wala kukosea. Mtu hajifunzi hivyo kwa siku moja. Mtu anayeandika hivyo hawezi kusahau kufunga kila siku ya Mungu.



Mhandisi alisoma ukurasa uliokamilika, na usafi wake ndio uliomkasirisha zaidi. "Kumbe bado unajua! Kumbe ukitaka unaweza! Basi huu si usahaulifu, ni dharau. Nenda nyumbani. Kesho uje kuchukua vitu vyako." Kisha akamgeukia fundi wa pampu, akamwomba radhi, akatoka naye kwenda kumtafutia chipu mpya na mtu wa kuifunga.

Kufuli alimkuta mdogo wake uani, kwenye bomba la kunawia mikono, akijimwagia maji usoni.

"Tangu lini unajua kufunga?"

"Si ulinifundisha wewe, Dada?"

"Sina utani mie. Kwa nini unaziacha wazi?"

Kitinda akajipangusa kwa kiganja, maana kitambaa hakuwa nacho. "Mwanzoni nilikuwa nafunga zote. Hukumbuki? Wiki zile za kwanza ulikuwa hukuti kitu. Siku moja Mhandisi akaniita, akaniambia, kurasa zako zinatoka safi, sasa mkaguzi wa nini? Alitaka kukuhamishia stoo, Dada. Ukafunge maboksi." Akavuta pumzi. "Kesho yake nikaacha moja wazi."

"Ukaniacha kila siku nikusimange kwenye chai, mbele za watu?"

"Ulikuwa unafurahi. Ulikuwa unarudi nyumbani unaimba."

"Na onyo la betri? Kwa nini onyo?"

"Nikiacha la wino mzito, Mhandisi angesema hilo nani analijali. Ilibidi liwe kosa la maana. Na wewe hujawahi kupitwa. Nilikuwa nalala usingizi kwa sababu hujawahi kupitwa." Akamtazama tena kwa ule mshangao. "Lilikupitaje, Dada? Unaumwa? Hata siku ile ya kupima skrini nilimwambia Mhandisi meza ile ni haki yako, akanijibu kwamba macho yako yameanza kuchoka. Nikamkatalia."

Sasa tazama moyo wa mtu ulivyo. Ungetegemea Kufuli aone aibu, na aibu ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Wa kwanza kufika alikuwa wivu, wivu mpya mbichi, mchungu kuliko ule wa zamani. Kwamba hata wema mtoto huyu kamzidi. Uandishi kamzidi, kupendwa kamzidi, na kumbe hata kile kijifaraja chake cha wakati wa chai kilitengenezwa na kuandaliwa mezani na mkono uleule aliokuwa akiuonea kijicho. Hakuwa na kitu chake mwenyewe hata kimoja. Alibakiwa na kimoja tu, na hicho hakukitaka.

"Halikunipita," alisema. "Nililiona. Nikaliacha."

Maji yalikuwa bado yanatoka, yanapiga sakafu ya saruji na kurukia viatu vyao. Kitinda akanyoosha mkono akafunga bomba.

"Kamwambie Mhandisi, au usimwambie," alisema, bila kumtazama. "Mimi nakwenda kumsaidia Mama."

Kufuli akapiga moyo konde, akaenda. Alimweleza Mhandisi lake mwenyewe tu, kwamba aliliona kosa akaliachia, na Kitinda akamkingia kifua. La Kitinda, la kuacha alama wazi kwa makusudi, alilifungia kifuani. Mhandisi alimsikiliza akichezea ile chipu iliyoungua.

"Mkaguzi anayeona akanyamaza si mkaguzi," alisema mwishowe. "Ningekufukuza leo hii. Lakini mwongozo mpya unanisubiri, na hakuna anayekijua kijisanduku hiki kukushinda. Utaandika. Kitinda atarudi, akague. Na meza ya dirishani anabaki nayo yeye." Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kufuli akasema ahsante, akatoka.

Nyumbani Kitinda hakununa, na afadhali angenuna. Alimpitishia chumvi, alimwambia lala salama, akampa vyote anavyopewa mgeni. Mama aliuliza, "Nyie mmegombana?" Wote wawili wakajibu hapana kwa pamoja, na Mama akajua.

Karakanani Kufuli akawa anaandika, uso ukutani. Hakuandika vibaya. Hakuandika kwa utamu, lakini alieleweka. Kurasa zake zilikwenda dirishani na kurudi vilevile, bila doa, kwa sababu vidole vyake vilifunga kabla akili haijafika. Chai ya kwanza Mhandisi akauliza, "Haya Kitinda, leo umekamata nini?" Kitinda akajibu, "Hakuna, Bosi." Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna, na safari hii Mhandisi hakutikisa kichwa. Alilitazama dirisha, kisha akautazama mlango wa stoo, kama mtu anayemhamisha mkaguzi akilini. Mafundi wa kuchomelea wakanywa chai yao bila kucheka.

Kufuli akakiweka kikombe chini kabla hajamaliza, akarudi mezani. Alikuwa kwenye ukurasa wa kuchaji, na hatua ya kati ndiyo iliyobeba kila kitu. Akatia alama ya kufungua, na kabla hajapumua vidole vikaifunga. Akafuta. Akafungua tena, vikaifunga tena. Akajilazimisha, jasho likimtoka kwapani kwa kitu ambacho mtoto angeweza kukifanya, na mkono ukakataa. Kumbe kuacha wazi ni kazi! Kumbe huyu mtoto alikuwa akifanya hivi kila siku, kwa mikono ileile niliyomfundisha mimi, kisha anakuja kwenye chai kucheka! Wivu ukampanda mpaka macho yakamwasha.

Akafungua alama kwa mara ya mwisho, akaitoa haraka mikono kwenye kibodi. Aliandika maneno yaliyobaki kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, polepole, ule wa kulia akiukalia kwa uzito wote ili usije ukakimbilia kufunga. Kisha akaupeleka ukurasa dirishani. Alijua kwamba mdogo wake ataiona alama hiyo. Alijua kwamba anaweza kuifunga. Na alijua, kuliko mtu yeyote mle ndani, kwamba anaweza pia kuiacha.